Vidole Vitatu

Jumamosi ile, siku moja kabla ya maandamano ya Mama wa Rozari, tulianika mpunga mapema, misa ya alfajiri ilipokwisha tu. Uwanja wa kanisa la kigango chetu cha An Trạch ni wa saruji, mpana, na mwezi wa kumi mavuno yakiingia kila nyumba huwa na kipande chake. Hakuna aliyechora mistari. Changu kinaanzia chini ya mnara wa kengele mpaka pale saruji ilipopasuka, na tangu niolewe hapa, miaka thelathini na minane sasa, sijasikia mtu akikigombania. Nhàn, mke wa mwanangu Lượng, alitangulia na reki. Mimi nilimfuata bila viatu, nikiburuza nyayo ndani ya mpunga ili punje za chini zije juu. Jua lilikuwa la upole, maana joto lilikuwa limeondoka na baridi haijafika. Nilitazama anga nikaona hakuna la kuogopa. Nilikosea, lakini nitafika huko.

Habari ililetwa na mama mkwe wa Thơm. Alikuja huku anacheka na huku anaona aibu, akasema Thơm ana mimba ya miezi mitatu, na nesi wa zahanati amemkataza kubeba kitu chochote kizito kuliko kikapu cha mboga. Tukampongeza, tukamshukuru Mungu, na papo hapo kila mwanamke uwanjani akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Wabebaji wa Mama Maria walikuwa wanane, Thơm akiwa mmoja wao. Sasa wamebaki saba.

Parokia yetu ina vigango vitano. Kila mwaka Jumapili ya Rozari, kigango kimoja hupewa heshima ya kumbeba Mama Maria kuzunguka parokia nzima, na wanaombeba ni wanawake. Zamu ikikupita unangoja miaka mitano. Mimi nimembeba mara nne, kwa hiyo hesabu mwenyewe ni miaka mingapi. Machela yake ni ya mbao iliyochongwa maua na kupakwa rangi ya dhahabu. Ina miti miwili mirefu, na kila mti unakaa juu ya mabega manne. Mabega hayo lazima yalingane. Yasipolingana, machela inainama, taji la Mama linatikisika, na watu wa vigango vingine wanaona. Đông Cầu, kigango jirani, waliyumba mwaka wa mafuriko, na mpaka leo mtu wa Đông Cầu akianguka na baiskeli tunamwambia ni ugonjwa wa ukoo.

Ndiyo maana nyuma ya mlango wa sakristia kuna mwanzi wenye alama iliyokatwa kwa kisu. Unasimama wima kando yake, na bega lako lifike kwenye alama. Chini ya alama, hubebi. Juu ya alama, hubebi. Waliochaguliwa walikuwa wanafanya mazoezi tangu sikukuu ya Kupalizwa, kila Jumamosi, wakibeba magunia mawili ya mpunga mahali pa sanamu, na juu ya magunia bakuli la maji yaliyojazwa mpaka kwenye mstari wa buluu. Mimi sasa kazi yangu ni kugonga vibao viwili vya mti mgumu, ko, ko, ili miguu yote kumi na sita ianguke pamoja.

Mzee Khoát, mkuu wa kigango, alifika kabla hatujamaliza kuulizana. Ni mtu mpole anayeongea kama anayeomba radhi. Alisema paroko anataka majina manane kabla ya kengele ya jioni. Majina yakiwa saba, zamu wanapewa Đông Cầu, na Đông Cầu tayari wana wanane wao, wameshafua na nguo.

"Wameshafua nguo?" akauliza Mama Thuận. "Nani aliwaambia wafue?"

Mzee Khoát akatazama chini. Habari ya mimba ya Thơm ilikuwa imevuka mashamba kabla haijatufikia sisi.

Mama Thuận ndiye mwenyekiti wa chama cha akina mama. Mimi na yeye tulibeba pamoja miaka yote, yeye mbele yangu, kwa hiyo kisogo chake nakijua kuliko uso wake. Ana sauti ya kuita bata toka upande wa pili wa mto. Akaanza kutaja majina kwa vidole. Huyu ni mfupi, yule ana mgongo, yule yuko kiwandani mjini na atarudi kesho asubuhi na basi, miguu imevimba. Wasichana wetu wote wako viwandani wanashona nguo za watu wa mbali. Akafika mwisho wa vidole, na hakuna jina lililobaki.

Hapo nikasema, "Yupo Nhàn."

Nhàn alikuwa hatua kumi kutoka kwetu. Reki yake haikusimama, lakini ilianza kuburuza mahali pale pale.

Nieleze kwa nini nilimtaja. Nhàn ametoka ng'ambo ya mto, kwenye kijiji chenye pagoda, si kanisa. Alibatizwa miaka minne iliyopita ili aolewe na mwanangu, akaitwa Anna, na wako waliosema maji yale yatakauka upesi. Mimi sikusema kitu, nilimtazama tu. Nilimwona akijifunza sala za rozari huku anamenya vitunguu, na mwezi haukuisha alikuwa anazijua. Mwaka huu, tangu Agosti, alikuwa akitembea nyuma ya wabebaji na ndoo ili kujaza bakuli linapopungua, na niligundua anakanyaga kwa mdundo wa vibao vyangu. Hata nyumbani, nikigonga kijiko kwenye sufuria, mguu wake unajibu. Hilo hafundishwi mtu.

Mama Thuận akasema mwanzi uletwe. Ukaletwa. Nhàn akaweka reki chini, akajifuta mikono, akasimama kando ya mwanzi kama mtoto anayepimwa homa. Mzee Khoát akapima pengo kati ya bega lake na alama iliyokuwa juu.

"Vidole vitatu," akasema. "Vingekuwa viwili ningefumba jicho."

"Mama Lượng," Mama Thuận akaniambia, "huyo wako tukimweka pale Mama Maria atalala ubavu kama mgonjwa. Na la pili silifichi, unanijua. Miaka minne ni michache. Wapo waliobatizwa kitovu hakijakauka."

"Hao waliobatizwa kitovu hakijakauka, leo wako wapi?"

"Usinijibu kwa swali, mwenzangu."

"Nakujibu kwa swali kwa sababu jibu unalo."

Wenzetu wakacheka kidogo, yeye pia. Lakini hakubadilika. Alisema heri kuwapa Đông Cầu zamu kuliko kumwaibisha Mama wa Mungu mbele ya parokia nzima. Alikuwa anasema kweli yake, na mimi sikumchukia.

Nikamvuta Nhàn kando, chini ya mbalungi wa kanisa, nikamuuliza kama anataka. Sikuwa nimemuuliza kabla ya kumtaja, na hilo lilikuwa kosa langu.

"Nataka, mama," akasema. "Nimetaka tangu Agosti. Ila sitaki utukanwe kwa ajili yangu, mama."

"Mimi nimezeeka, matusi hayanishiki. Wewe nipe bega lako."

Nikampima mwenyewe. Nilichana ukuti mwembamba wa mnazi, nikauweka pengoni kwenye mwanzi, nikakata urefu wake sawasawa na vidole vile vitatu vya Mzee Khoát. Fikira yangu ilikuwa ngata. Mtu akibeba mzigo kichwani anaweka ngata. Kwa nini asiiweke begani, chini ya mti wa machela, nene kiasi cha pengo? Nguo nyeupe za wabebaji ni pana, hakuna atakayeona. Mzee Khoát aliposikia alikuna shingo, akasema hakuna kanuni inayokataza. Mama Thuận akasema hakuna kanuni inayokataza kuku kuimba misa pia, lakini tujaribu.

Ngata ya kwanza niliifanya kwa majani ya mpunga, yale mabua mapya tuliyotoka kuvuna. Niliyasokota, nikayazungushia kitambaa, nikashona. Yalifika urefu wa ukuti barabara. Na hapa lazima niseme ukweli. Mimi nimekulia kwenye majani ya mpunga. Nimeyalalia, nimeyapikia, nimeyaezekea banda la nguruwe. Nilijua kwamba mabua mapya yana maji ndani na yakikandamizwa yanalala. Nilijua. Lakini kitu kingine kigumu cha kufaa nilichokuwa nacho kilikuwa ndani ya kabati, na sikutaka kukigusa, kwa hiyo nikajiambia kwamba majani yatatosha.

Tulijaribu saa nane mchana. Nhàn aliwekwa nyuma, upande wa kushoto, mahali pa Thơm. Nikagonga, ko, ko, wakainua. Mlangoni pa kanisa mpaka kwenye barabara ya bwawa maji yalikaa. Mama Thuận alitembea kando, jicho kwenye bakuli, na nilimwona ameanza kusahau kununa. Kwenye kona ya bwawa majani yakalala. Sikusikia kitu, nilimwona tu Nhàn akinyanyuka kwa ncha za vidole vya miguu, anajaribu kujirefusha kwa nguvu zake mwenyewe, shingo imetoka mishipa. Alipiga hatua nne hivyo. Halafu maji yakavuka mstari wa buluu, yakavuka ukingo, yakamwagika kifuani mwake.

Wakatua. Mama Thuận hakumcheka. Afadhali angecheka. Alisikitika, akampa taulo lake, akamwambia, "Umejitahidi, mwanangu," kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mzee Khoát akatazama saa yake. Mmoja wa wabebaji akaanza kulia, si kwa ajili ya Nhàn, ni kwa ajili ya miaka mitano.

Hapo ndipo upepo ulipogeuka.

Mvua ya mwezi wa kumi kwetu si ya kila siku, na kwa sababu hiyo ikija haigongi mlango. Upande wa bahari ulikuwa umeshakuwa rangi ya masizi. Mtu akapiga debe, na kigango kizima kikatoka majumbani na mafagio, mabeleshi, magunia na maturubai.

Sisi tuna desturi yetu. Mvua ikikukuta uwanjani, unaokoa mpunga ulio karibu na miguu yako, hata uwe wa nani. Wako ataokoa aliye karibu nao. Ukianza kukimbilia wako tutagongana na wote utalowa. Ng'ambo ya mto hawana desturi hiyo, kila mtu anaanika nyumbani kwake. Mwaka wake wa kwanza Nhàn aliruka mpunga wa watu watatu kwenda kuokoa wetu, na Mama Thuận alimwambia mbele ya watu wote kwamba huku hatuishi kama bata, kila mmoja na mdomo wake. Nhàn alilia siku mbili.

Sasa yeye alikuwa kwenye kona ya bwawa, pembeni mwa uwanja, kifua kimelowa, na karibu na miguu yake ulikuwa mpunga wa kunata wa Mama Thuận, kipande chote, mpunga mweupe wa kupikia harusi ya mwanawe mwezi wa kumi na mbili. Wetu ulikuwa ng'ambo ya uwanja chini ya mnara, umelala wazi. Nilimwona akiutazama wetu. Mara moja tu. Halafu akashika beleshi.

Sijaona mtu akifanya kazi vile. Alivuta turubai, akafagia, akakunja pembe, akaburuta hadi barazani pa nyumba ya mtu, akarudi. Tone la kwanza lilipoanguka alikuwa amebakiza fungu la mwisho, akalifunika kwa mwili wake mpaka mwenzake alipoleta gunia. Mpunga wa Mama Thuận haukulowa punje.

Mama Thuận mwenyewe alikuwa amekimbia na wabebaji kuiingiza machela kanisani, kwa hiyo mpunga uliokuwa karibu na miguu yake ulikuwa wangu. Akaushambulia. Alizoa kwa nguvu zake zote, na sehemu alifanikiwa, nyingine ikaenda na maji kwenye mfereji. Lakini magunia yalimwishia. Akashika gunia la kwanza aliloliona, ambalo lilikuwa lake mwenyewe na lina nusu ya mpunga wa kunata ndani, akamimina wa kwangu juu yake, wa kawaida, akafunga kwa kamba, akakalia. Tulipomkuta barazani alikuwa amekaa juu ya gunia hilo anatweta, maji yanamchuruzika puani, na alipotambua alichofanya alishika kichwa.

Mchanganyiko ule hautenganiki. Ukiupika, nusu inanata, nusu inabaki punje punje. Mtu yeyote wa An Trạch anajua kutazama gunia kabla ya kumimina. Watoto wanajua. Tukacheka mpaka tukashikana mabega. Yeye akacheka mwisho, na alipomaliza akamtazama Nhàn, ambaye alikuwa amesimama mlangoni anatetemeka, makapi ya mpunga yamemganda usoni.

"Ule wa bwawani," akamuuliza, "uliokoa kiasi gani?"

"Wote, mama."

"Na wenu ulikuwa unauona?"

"Nilikuwa nauona."

Mvua ilikuwa imeshapungua, ndivyo zilivyo mvua za mwezi huu. Mama Thuận akafuta uso kwa ncha ya shati, akageuka kwa Mzee Khoát, akamuuliza ni saa ngapi. Saa kumi na nusu. Kengele ni saa kumi na mbili.

"Tutajaribu tena," akasema. Halafu akanisogelea, akainamisha kichwa ili wengine wasisikie. "Lakini si kwa ule mto wako wa majani. Mwenzangu, mimi na wewe tumebeba pamoja miaka ishirini. Majani mapya unayajua. Ulikuwa unabania nini?"

Nilikwenda nyumbani.

Marehemu mume wangu, Đoan, alikuwa anapiga tarumbeta kubwa kuliko yote kwenye bendi ya parokia, lile linalozunguka mwili mzima na kufungua mdomo juu ya kichwa. Kila mtu anajua bendi zetu. Bendi ikipita, mpaka kuku wanatembea kwa mpangilio. Lile tarumbeta sasa analipiga Lượng. Lakini koti la bendi la baba yake halikumfaa, kwa sababu yeye ni mwembamba, na limebaki kabatini miaka tisa. Ni la sufu nzito, buluu iliyoiva, vifungo vya shaba. Mara mbili kwa mwaka nalitoa juani. Sijawahi kulifua, na sababu yake wajane wenzangu mnaijua.

Nililitandaza kitandani. Nikapiga ishara ya msalaba. Nikamwambia Đoan kwamba yeye alimtangulia Mama Maria na tarumbeta miaka ishirini na sita, na kwamba kama ana neno aseme sasa. Nilingoja kidogo, kwa adabu. Kisha nikachukua mkasi nikakata mkono wa kushoto.

Sufu haidanganyi. Niliikunja mara nyingi, nikaikandamiza kwa goti, nikaipima na ukuti, nikaongeza kunjo moja, nikashona kwa uzi wa magunia pande zote nne. Nhàn aliingia nikiwa kwenye mshono wa mwisho. Aliona koti, akaona mkono haupo, akafunika mdomo.

"Mama, si lile."

"Ndilo. Njoo nikuvike."

Nilimfungia begani kwa utepe uliopita kwapani, kama fundi anavyofunga kiraka. Nikamwambia asinyanyuke tena kwa vidole vya miguu, kwamba kukanyaga ni nyayo nzima, na kwamba kazi yake si kuwa mrefu, kazi yake ni kukanyaga nikigonga.

Saruji ilikuwa bado inang'aa kwa mvua. Watu walisimama kimya kandokando, na magunia yao, na wengine waliokuwa wananyonyoa bata wa sikukuu walikuja na bata mkononi. Bakuli likajazwa mpaka mstari wa buluu. Nikagonga.

Mlangoni. Barabarani. Kwenye kona ya bwawa nilihisi moyo wangu unataka kuharakisha vibao nikauzuia. Ko, ko. Sikutazama bakuli. Nilitazama mguu wa kushoto wa Nhàn. Ulianguka na ile saba mingine, ukanyanyuka na ile saba mingine, na baada ya kona sikuweza tena kusema upi ni wake. Walipotua mlangoni pa kanisa Mama Thuận alichungulia bakuli, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Liko kwenye mstari," akasema. Akamgeukia Mzee Khoát. "Andika. Anna Nhàn. Andika vizuri, usije ukaandika kama daktari."

Kengele ilipolia majina manane yalikuwa mezani kwa paroko.

Jioni hiyo nilikwenda kuungama, kama kila Jumamosi. Nikamwambia Padre kwamba nimetenda dhambi ya kujivuna. Akaniuliza najivunia nini. Nikamweleza habari ya mwanzi, vidole vitatu, bakuli na mguu wa kushoto. Akasogea karibu na kitambaa kinachotutenganisha. Kisha akaniuliza kama maji yalimwagika kwenye kona ya bwawa. Nikasema mara ya pili hata tone. Akanipa Salamu Maria tatu, akasema nizisali polepole.

Jumapili jua lilitoka safi kabisa. Lượng alikuwa amefika usiku kutoka mjini anakofanya kazi, akalala na viatu. Vigango vyote vitano vilijipanga barabarani, bendera mbele, watoto na maua, bendi, kisha vibao vyangu, kisha Mama. Wale wanane walivaa nyeupe na skafu za buluu. Hakuna aliyeweza kuona ngata. Nilipogonga mara ya kwanza machela ilipanda kama mtu anavyoinuka kutoka kwenye kiti chake, na tukaenda.

Tulizunguka mashamba yaliyovunwa, tukapita daraja, tukapita makaburi, na pale niliinamisha kichwa kidogo upande wa Đoan bila kupoteza mdundo. Barabara ya Đông Cầu ina mashimo, na sidhani yalikuwa ya bahati mbaya yote. Wenyewe walisimama kandokando wanaangalia taji. Nilijua wanaangalia taji kwa sababu sisi nasi tungeangalia. Taji lilikaa. Havikutikisika hata vipande vyake vya kioo vilivyoning'inia.

Mwanamke mmoja wa Đông Cầu, tunayejuana naye sokoni, alimwuliza Mama Thuận yule wa nyuma kushoto ni nani, mbona hawamjui.

"Wa kwetu," akasema Mama Thuận bila kugeuza shingo.

"Wa nyumba gani?"

"Wa kwetu, nimekwambia. Kwani umeona kitu?"

Yule mwanamke akasema hakuona kitu. Ndiyo, akasema Mama Thuận, basi.

Mchana tulikula pamoja uwanjani juu ya mikeka, bata, mboga, maharage ya kijani. Mama Thuận alileta sufuria kubwa ya wali kutoka kwenye lile gunia. Ulikuwa umepikika vibaya kama tulivyotarajia, huku umeshikana, huku unatawanyika, na alitupakulia yeye mwenyewe bakuli baada ya bakuli, kila mtu akapata sehemu ya kosa lake. Bakuli la kwanza alimpa Nhàn. Mzee Khoát alikula mawili, akasimama, akaenda sakristia. Alirudi na mwanzi na kisu. Bila hotuba, akakaa juu ya ngazi akaanza kukata alama ya pili, vidole vitatu chini ya ile ya zamani, akipuliza unga wa mwanzi kila mara.

Nyumbani, Lượng alifungua kabati kutundika koti lake. Mimi nilikuwa mlangoni. Akatoka na koti la baba yake mikononi, mkono mmoja unaning'inia, mwingine haupo, akaniuliza ni panya au nini.

"Muulize mkeo," nikasema. "Mkono wa baba yako leo umembeba Mama Maria."

Akatazama nje. Nhàn alikuwa amevua nguo nyeupe, amerudi kwenye suruali yake ya shambani. Jua la kutosha lilikuwa limebaki, kwa hiyo alikuwa anatandaza upya uwanjani kwetu ule mpunga uliolowa. Ngata alikuwa ameitundika kwenye kamba karibu yake, nzito kwa jasho, ikauke. Mwanangu alilirudisha koti kabatini. Kisha akavua viatu, akaenda kuburuza nyayo nyuma ya mke wake.